Sindano ya Siku ya Tatu

Kuna imani iliyokita mizizi katika wodi zetu, kuanzia hospitali za rufaa hadi vituo vya afya vya kata: mgonjwa aliyelazwa kwa ugonjwa wa kifua lazima apewe antibiotiki. Kipimo kikionyesha virusi, apewe. Picha ya kifua ikiwa safi, apewe. Homa ikishuka siku ya pili, aendelee kupewa. Ukiuliza kwa nini, jibu ni moja: kwa tahadhari. Nyuma ya jibu hilo kuna dai ambalo mara nyingi halitamkwi, kwamba dawa hiyo hata isiposaidia haidhuru.

Dai hilo si kweli, na nitalipinga hapa kwa sababu limeshaua watu ambao hakuna anayewahesabu. Simshambulii daktari wa zamu anayempokea mgonjwa saa nane za usiku, anahema kwa shida, na hajui bado kilichomo kwenye mapafu yake. Huyo akianza dawa nitamtetea. Ninachokilalamikia ni kile kinachofuata. Kesho yake asubuhi kipimo kimetoka, kesho kutwa mgonjwa anakula na kuongea, na bado sindano inachomwa, kwa sababu ilikwisha kuandikwa na hakuna aliyejipa kazi ya kuifuta.

Tuanze na jambo ambalo kila mwanafunzi wa udaktari analijua na kila wodi hulisahau. Penisilini, amoksilini na seftriaksoni hufanya kazi kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria. Azithromaisini huziba mtambo ambao bakteria hutumia kutengeneza protini. Virusi havina ukuta wa namna hiyo, wala havina mtambo wao wenyewe. Huingia ndani ya seli zetu na kutumia mitambo yetu. Kwa hiyo mgonjwa wa influenza, wa RSV au wa UVIKO-19 ambaye hana bakteria anapochomwa seftriaksoni, dawa inazunguka mwilini mwake na kukuta bakteria wengine kabisa: wale wa utumbo, wa koo na wa ngozi, waliokuwa wakiishi naye kwa amani.

UVIKO-19 ulitupa nafasi ya kulipima jambo hili kwa ukubwa ambao haujawahi kutokea. Mwezi Mei 2020 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikwisha kuelekeza kwamba mgonjwa mwenye dalili nyepesi asipewe antibiotiki, na mwenye dalili za wastani asipewe isipokuwa kuna sababu ya kushuku bakteria. Maelekezo hayo yalisomwa, kisha yakawekwa kando. Mwaka 2024 shirika hilo lilitoa takwimu za wagonjwa wapatao 450,000 waliolazwa katika nchi 65 kati ya Januari 2020 na Machi 2023. Katika kila wagonjwa 100, ni 8 tu waliokuwa na maambukizi ya bakteria pamoja na virusi. Waliopewa antibiotiki walikuwa 75. Katika kanda ya Afrika, hata miongoni mwa wale ambao ugonjwa wao ulikuwa mwepesi au wa wastani, 79 kati ya 100 walipewa. Na WHO haikuficha matokeo: kwa jumla dawa hizo hazikuboresha hali ya wagonjwa, na kwa wale wasiokuwa na bakteria huenda ziliwaongezea madhara.

Mtetezi wa tahadhari atasema takwimu za namna hiyo zinachanganya wagonjwa wa kila aina, na kwamba jibu la kweli hupatikana kwa kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Ana haki. Basi atazame jaribio la RECOVERY la Uingereza, ambalo matokeo yake kuhusu azithromaisini yalitolewa Februari 2021. Wagonjwa 7,763 waliolazwa kwa UVIKO-19 waligawanywa kwa bahati nasibu: 2,582 walipewa azithromaisini juu ya matibabu ya kawaida, na 5,181 walipata matibabu ya kawaida peke yake. Baada ya siku 28, waliofariki walikuwa asilimia 22 katika kundi la kwanza na asilimia 22 katika kundi la pili. Hawakutoka hospitali mapema zaidi, wala hawakuepuka mashine ya kupumulia.

Jaribio hilohilo ndilo lililoonyesha, Juni 2020, kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu inayopatikana hata kwenye duka la dawa la wilayani, ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa wale waliokuwa wakipewa oksijeni bila mashine. Nayaweka matokeo haya mawili pamoja kwa makusudi. Madaktari walewale, wodi zilezile, ugonjwa uleule. Dawa moja iliokoa maisha na nyingine haikufanya kitu, na ile isiyofanya kitu ndiyo iliyokuwa ikiandikwa kwa mazoea dunia nzima.

Kuna utafiti mwingine, wa Norwe, wa wagonjwa zaidi ya 2,000 waliolazwa na virusi vya njia ya hewa katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Akershus. Waliopewa antibiotiki walikuwa na uwezekano mara mbili hivi wa kufariki ndani ya siku 30 kuliko wasiopewa. Sitautumia utafiti huo kama rungu. Mgonjwa aliye mahututi ndiye anayeandikiwa dawa haraka, kwa hiyo huenda ugonjwa wenyewe ndio uliosababisha tofauti hiyo, au sehemu yake. Lakini hata tukiupunguzia uzito kiasi gani, hauoneshi ile faida ambayo imani yetu inaitegemea. Tahadhari inayodaiwa kuokoa watu ingetakiwa ionekane mahali fulani. Imetafutwa kwa wagonjwa wa virusi wasio na bakteria, na haijaonekana.

Sasa madhara. Watu wanapoambiwa habari za usugu wa vimelea dhidi ya dawa huwazia janga la miaka ijayo, jambo la mikutano na mabango. Madhara huanza kwa mgonjwa yuleyule, wiki ileile. Dawa inafagia bakteria wa kawaida wa utumbo na kuwaachia nafasi wale walio sugu, kama mkulima anayepiga dawa ya magugu mpaka shambani libaki gugu moja lisilosikia dawa yoyote. Bakteria wa Clostridioides difficile hupata mwanya na kuleta kuhara kukali, hasa kwa wazee. Azithromaisini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo kwa mtu ambaye moyo wake una kasoro au anayetumia dawa nyingine zenye athari hiyo.

Kisha kuna kanula. Mgonjwa anayepewa sindano ya mshipa asubuhi na jioni lazima awe na kanula mkononi. Kanula iliyokaa siku kadhaa ni mlango wa bakteria kuingia kwenye damu. Hivyo mtu aliyelazwa kwa virusi anaweza kupata maambukizi ya bakteria kupitia njia ileile iliyowekwa ili kumkinga na bakteria. Tena anabaki kitandani. Homa imekwisha, oksijeni ameachishwa, lakini haruhusiwi kwenda nyumbani kwa sababu hajamaliza sindano. Kila siku ya ziada wodini ni siku ya kukutana na vimelea vya hospitali, ambavyo ni vikali kuliko vya mtaani, na kwa familia isiyo na bima ni siku nyingine ya kuambiwa dawa zimeisha, nendeni mkanunue nje. Nimewaona ndugu wakichangishana fedha ya kununua vichupa ambavyo mgonjwa wao hakuvihitaji. Hilo linaniuma kuliko takwimu yoyote.

Katika nchi zetu kuna hatari nyingine ambayo vitabu vya Ulaya huigusa kwa juujuu. Mgonjwa wa kifua asiyepona huenda ana kifua kikuu. Akipewa levofloksasini au dawa nyingine ya kundi hilo, dawa hiyo humtuliza kwa siku kadhaa, kwa sababu inawapiga pia vimelea vya kifua kikuu, lakini haimponyi. Anaruhusiwa akiwa na nafuu, anarudi baada ya wiki kadhaa akiwa amekonda zaidi, na katikati hapo ameshawaambukiza watu wa nyumbani kwake.

Hoja nzito kuliko zote upande wa pili ni historia, na sitaikwepa. Katika janga la influenza la 1918 wengi waliokufa hawakuuawa na virusi peke yake. Bakteria walifuata nyuma na kuangamiza mapafu yaliyokwisha kudhoofishwa. Uchunguzi wa mapafu yaliyohifadhiwa tangu wakati ule ulilithibitisha hilo mwaka 2008. Katika influenza ya 2009 pia, Marekani ilichunguza sampuli za mapafu ya watu 77 waliokufa, na 22 kati yao walikutwa na bakteria. Basi, wanasema, tungesubiri nini?

Nakubali kila neno la historia hiyo. Ninachokataa ni hitimisho lake. Watu wa 1918 hawakuwa na penisilini. Alexander Fleming aliigundua miaka kumi baadaye. Hawakuwa na picha ya kifua kila wilaya, wala kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, wala njia ya kujua ndani ya siku moja kwamba ni virusi gani. Sisi tunavyo, angalau baadhi. Nimonia ya bakteria inayofuata influenza mara nyingi ina sura yake: mgonjwa anapata nafuu, kisha siku chache baadaye homa inarudi kwa nguvu, makohozi yanakuwa ya usaha, oksijeni inashuka tena. Mgonjwa huyo apewe antibiotiki saa hiyohiyo, na asiyempa ana kosa. Lakini ili umwone akibadilika ni lazima uwe unamtazama, na mazoea ya kumchoma kila mtu yanamwondolea daktari sababu ya kutazama. Mgonjwa ambaye tayari yuko kwenye seftriaksoni akizidiwa, fikra ya kwanza ni kuongeza dawa yenye nguvu zaidi. Fikra ya kuuliza kama tulikosea ugonjwa tangu mwanzo huja ikiwa imechelewa.

Mwongozo wa nimonia uliotolewa mwaka 2019 na vyama viwili vikubwa vya madaktari wa Marekani, cha magonjwa ya kifua na cha magonjwa ya kuambukiza, hutajwa sana na watetezi wa tahadhari. Ni kweli unasema mtu mzima mwenye nimonia aliyethibitika kuwa na influenza aanzishiwe antibiotiki. Wanaounukuu huishia hapo. Mwongozo huohuo unaendelea kusema kwamba kama hakuna ushahidi wa bakteria na hali ya mgonjwa imetulia mapema, daktari afikirie kuisimamisha dawa kati ya saa 48 na 72. Nusu ya kwanza ya maelekezo imeingia wodini na kuwa sheria. Nusu ya pili haijulikani hata ilipotelea wapi.

Wengine wataniambia kwamba nazungumza kana kwamba tuko Oslo. Maabara yetu haioteshi vimelea vya damu, na inapootesha majibu huja mgonjwa ameshazikwa au ameshaondoka. Ugumu huo ni wa kweli, nami siudharau. Lakini tutazame tunachokijua kutoka hapahapa. Utafiti mkubwa wa PERCH, uliohusisha nchi saba zikiwemo Kenya, kupitia Kilifi, na Zambia, uliwachunguza watoto waliolazwa kwa nimonia kali. Kwa wale wasio na VVU ambao picha ya kifua ilithibitisha nimonia, virusi vilikadiriwa kusababisha asilimia 61 na bakteria asilimia 27. RSV peke yake ilichukua asilimia 31. Kwa mtoto mmoja aliye mbele yako, anayevuta mbavu ndani, huwezi kujua yuko upande gani, na ndiyo maana miongozo inasema mtoto mwenye nimonia kali aanzishiwe dawa. Sina ugomvi na dozi hiyo ya kwanza. Hata jaribio la Malawi la watoto waliokuwa wakipumua haraka bila dalili za hatari lilionyesha amoksilini ilisaidia kidogo: matibabu yalishindikana kwa asilimia 4 ya waliopewa na asilimia 7 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Anayetaka kutetea amoksilini kwa watoto hao ana hoja ya kuheshimiwa. Lakini haimsaidii anayetaka kumchoma seftriaksoni kwa siku saba mtu mzima mwenye UVIKO-19.

Na kuhusu vipimo, Dar es Salaam yenyewe imetoa jibu. Katika jaribio la ePOCT lililochapishwa mwaka 2017, wahudumu wa afya waliongozwa na programu ya tableti pamoja na vipimo vichache vya papo kwa papo, kikiwemo cha CRP kinachoonyesha kiwango cha mwasho mwilini, na kifaa cha kupima oksijeni. Watoto walioandikiwa antibiotiki siku ya kwanza walikuwa asilimia 11.5. Katika huduma ya kawaida walikuwa karibu asilimia 95. Watoto hawakuzidiwa kwa kunyimwa dawa. Waliokwama kupona walikuwa asilimia 2.3, wachache kuliko asilimia 4.1 ya kundi lililoongozwa na utaratibu mwingine. Hao walikuwa wagonjwa wa nje, si wa kulazwa, na sitazihamisha namba hizo wodini kama zilivyo. Zinachothibitisha ni kwamba umaskini wa maabara haumlazimishi mtu kuandika dawa kwa kila kifua.

Tena, kinachomwokoa mgonjwa wa virusi aliyelazwa ni oksijeni. Papua New Guinea, nchi maskini yenye milima na barabara mbovu, iliweka mitambo ya oksijeni na vifaa vya kuipima katika hospitali tano, na vifo vya watoto wenye nimonia vikapungua kwa asilimia 35. Hospitali inayokosa mtungi wa oksijeni huku stoo imejaa vichupa vya seftriaksoni imekosea mpangilio wa fedha zake.

Naamini mzizi wa mazoea haya ni woga, na woga huo una sababu. Mgonjwa mmoja asiyepewa antibiotiki akifa, ndugu watauliza, daktari mkuu atauliza, na pengine baraza litauliza. "Daktari, hata sindano hamkumpa?" Swali hilo linakaa kichwani mwa kijana aliye mafunzoni kwa miaka. Lakini mtoto mchanga akifa wodi ya pili kwa Klebsiella isiyosikia dawa, hakuna anayefuatilia ni vichupa vingapi vilivyopita katika jengo lile kabla bakteria huyo hajapata nguvu. Kifo cha kwanza kina mwenyewe. Cha pili kinaandikwa maambukizi ya damu, na faili linafungwa. Hata hivyo utafiti wa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2007 ulituonyesha uzito wa kifo hicho cha pili: watoto walioingiliwa kwenye damu na bakteria wa kundi la gramu-hasi walifariki kwa asilimia 43.5, zaidi ya mara mbili ya waliokuwa na malaria, na kupewa dawa ambayo bakteria alikuwa sugu kwayo kulikuwa miongoni mwa sababu zilizotabiri kifo. Duniani kote, makadirio ya mwaka 2019 yanasema watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, wengi kuliko waliouawa na UKIMWI au malaria mwaka huo, na Afrika Kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi kwa uwiano wa watu wake.

Kwa hiyo tahadhari ya kweli ingekuwa na hatua zake. Damu ichukuliwe ya kuotesha kabla ya dozi ya kwanza, pale maabara inapoweza. Sababu ya kuanza iandikwe, si jina la dawa tu. Na siku ya tatu, kwenye raundi, mtu mmoja mwenye mamlaka alifungue faili na kuuliza: kuna kitu gani kinachoonyesha bakteria? Kama hakuna, na mgonjwa anaendelea vizuri, dawa ikome siku hiyohiyo na kanula itolewe. Kazi hiyo haihitaji mashine, na hospitali ya wilaya inaweza kuianza wiki hii.

Najua pingamizi litakalobaki, maana tumelifundisha wenyewe kwa mabango na redio: maliza dozi, la sivyo unatengeneza usugu. Fleming mwenyewe, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya juu ya dozi pungufu. Onyo hilo lilihusu kumpa kiasi kidogo mno mtu mwenye bakteria wa kuua. Mwaka 2017 Martin Llewelyn na wenzake waliandika katika jarida la BMJ kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa kuacha mapema ndiko kunakoleta usugu; kwa maambukizi mengi ya kawaida, kadiri dawa inavyokaa mwilini ndivyo bakteria wasiohusika wanavyopata muda wa kujifunza kuishinda. Kifua kikuu hakimo katika hoja hii. Dozi ya miezi sita ibaki miezi sita, na mgonjwa wa nyumbani asijiachishe dawa kwa kusoma makala. Lakini mgonjwa wa RSV au influenza asiye na bakteria hana dozi ya kumaliza, kwa sababu hakuna kilichokuwa kikitibiwa. Daktari anayemwachisha siku ya tatu amweleze yeye na ndugu zake sababu kwa lugha wanayoielewa, kisha aiandike kwenye faili kwa herufi zinazosomeka, ili mwenzake wa zamu ya usiku asianze upya.